Faili Likifungwa, Maumivu Yanabaki

Leo naomba tuache kidogo habari za bursari na ajira, tuongee juu ya saratani. Najua hakuna anayependa. Kwetu hata jina lenyewe tunalikwepa, tunasema "ule ugonjwa", au tunasema kansa kwa sauti ya chini kama vile ukiitamka kwa nguvu itasikia na kuja. Lakini wagonjwa tunao. Wapo Kimisagara, Nyamirambo na Kabeza, wapo Mahama, Kiziba na Nyabiheke. Hoja yangu ni moja na naisema mapema kwa ajili ya wenye mega chache: mkimbizi mwenye saratani akiambiwa kwamba matibabu ya kumponya hayatalipiwa, siku hiyohiyo afunguliwe faili lingine, la kutulizwa maumivu. Siyo mwezi ujao, siyo mpaka arudi kulia mlangoni. Siku hiyohiyo. Rwanda ina vitu vinavyotakiwa kwa kazi hiyo kuliko nchi nyingi za bara letu, ndo maana inaniuma zaidi kuona mtu wetu anakufa akisaga meno chumbani, kilomita chache tu kutoka mahali dawa ilipo.

Kwanza tuelewane njia inavyopita. Aliye kambini anaanzia kituo cha afya cha kambi, anapelekwa hospitali ya wilaya, na jambo likionekana kubwa anapewa rufaa ya juu, ambako UNHCR na mashirika wanaofanya nao kazi ndio wanaobeba gharama. Sisi wa mjini, tangu makubaliano ya 2019 kati ya serikali na UNHCR, tunaingizwa kwenye Mutuelle kama wenyeji, mradi uwe na kitambulisho cha mkimbizi. Ukiwa na Mutuelle, hospitalini unalipa asilimia 10 ya bili. Na Januari 2025 serikali ilitangaza kwamba Mutuelle itaongezewa huduma ambazo zamani haikuzigusa, matibabu ya saratani yakiwemo. Hatua hizo si ndogo. Hii ni nchi iliyofungua kituo cha saratani cha Butaro mwaka 2012, huko juu Burera karibu na mpaka wa Uganda, na tangu 2019 ina mashine za mionzi kwenye hospitali ya jeshi, Kanombe. Kabla ya hapo mgonjwa aliyehitaji mionzi ilibidi avuke mpaka kwenda Uganda au Kenya, na mwaka 2016 mashine pekee ya Mulago pale Kampala ilipokufa, mlango mmoja ukafungwa kabisa.

Sasa, asilimia 10 ya bili kubwa bado ni bili kubwa. Mama anayefulia watu nguo Gikondo hana hiyo asilimia. Kitambulisho kikiisha muda wake, anayesubiri kipya anasubiri na uvimbe wake. Halafu kuna nauli. Kutoka Nyabugogo mpaka Butaro ni safari ya saa kama tatu, milima na kona, na mgonjwa wa mifupa kila kona anaihesabu. Kwa matibabu ya saratani huendi mara moja, unaenda na kurudi kwa miezi. Watu wa Butaro waliliona hilo mapema, ndiyo maana huduma yao tangu mwanzo ilihusisha msaada wa nauli na chakula kwa maskini, siyo dawa peke yake. Waliojua kutibu walijua pia kwamba mtu haponi kwa dawa ambayo hawezi kuifikia.

Hapo linakuja suala la kamati. Wengi wetu hatulijui, tunajua tu kwamba "walikataa". Kanuni za rufaa za UNHCR huangalia mambo mawili makubwa: gharama, na uwezekano wa mtu kupona. Maombi yanayopita kiwango fulani cha pesa yanajadiliwa na madaktari kwenye kamati. Kuna utafiti uliotoka mwaka 2014 kwenye jarida la The Lancet Oncology, ulioongozwa na Paul Spiegel ambaye wakati huo alikuwa UNHCR, unaoonyesha jinsi kamati ya namna hiyo ilivyofanya kazi Jordan. Kati ya 2010 na 2012 ilipokea maombi 1,989. Ya saratani yalikuwa 511, na saratani ya titi ndiyo iliyoongoza. Yaliyokubaliwa ni 246. Chini ya nusu. Na sababu kubwa ya kukataa ilikuwa ni ileile: uwezekano wa kupona ni mdogo.

Sitaki kuwatukana wanakamati. Mimi nisingependa kukaa kwenye kile kiti. Ukiwa na pesa ya watu kumi na wamekuja mia, utachagua tu, na kumchagua mtoto mwenye nafasi nzuri ya kupona kabla ya mzee ambaye ugonjwa umeshasambaa si ukatili. Swali langu ni dogo zaidi. Yule aliyekataliwa alitoka pale na nini mkononi? Maana kama sababu ya kumkataa ni kwamba hatapona, basi kwa maneno hayohayo kamati imeshaandika kwamba huyu mtu ataumwa sana na atakufa. Imetambua hitaji, halafu ikafunga kitabu. Hata kwa hesabu ya ofisi, hiyo ni kazi iliyoachwa nusu.

Kwa Kiswahili cha vitabuni huduma ninayoizungumzia inaitwa tiba shufaa. Wengi wanaisikia wanadhani ni kukaa kitandani kwa mgonjwa na kumshika mkono. Kumshika mkono kupo, lakini ni udaktari kamili wenye dawa na vipimo vyake. Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's Hospice mjini London mwaka 1967, alikuwa amefanya kazi kama muuguzi, kisha ustawi wa jamii, halafu akasomea udaktari. Alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa hayatoki kwenye uvimbe peke yake. Mwili una sehemu yake, moyo una sehemu yake, familia, pesa na imani pia. Mimi nikisoma hayo nawaona watu wetu. Mgonjwa mkimbizi anaumwa mgongo, na wakati huohuo anaumwa swali la watoto wake watabaki kwenye karatasi ya nani, nani atawapokelea msaada, na yeye atazikwa wapi, kwenye ardhi ambayo hana ndugu wa kuja kupalilia kaburi. Paracetamol haiwezi kujibu hayo. Lakini bila kwanza kutuliza ule mgongo, hayo mengine hayazungumziki hata kidogo, kwa sababu mtu mwenye maumivu makali hana nafasi ya wazo lingine kichwani.

Ndipo tunafika kwenye morfini.

Tume moja ya jarida la The Lancet ilitoa ripoti yake mwishoni mwa 2017. Ilipiga hesabu ya dawa zote za jamii ya morfini zinazosambazwa duniani kwa mwaka, ikapata tani 298.5. Nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1. Soma tena hiyo namba, sijakosea nukta. Na morfini ya kunywa si dawa ya gharama. Ni unga, maji safi, na kitu cha kuihifadhi isiharibike. Kinachokosekana ni ruhusa, watu waliofundishwa, na ujasiri wa serikali zinazoogopa dawa hiyo kwa sababu ya madawa ya kulevya.

Sisi tuna bahati ya kuishi kwenye ukanda uliovunja hofu hiyo. Uganda walianza na Hospice Africa, iliyoanzishwa na Dk. Anne Merriman mwaka 1993, wakachanganya morfini ya maji wenyewe, na mwaka 2004 sheria ikaruhusu wauguzi waliosomea kazi hii kuiandika, wasisubiri daktari ambaye kijijini hayupo. Rwanda ikapitisha sera yake ya kitaifa ya tiba shufaa mwaka 2011, jambo ambalo nchi nyingi za Afrika hazikuwa nalo. Leo morfini ya maji inatengenezwa humuhumu nchini kutokana na unga unaoagizwa, na serikali ndiyo inayobeba gharama yake. Yaani kikwazo ambacho kwa mgonjwa wa nchi nyingine ni ukuta, hapa kimeshabomolewa na watu wengine kabla yetu. Kwa nini basi tunabaki nje?

Nitawaeleza ya mama mmoja tuliyeishi naye ua mmoja, nitamwita jirani tu. Saratani ya titi, ikawa imefika kwenye mifupa. Rufaa yake haikukubaliwa. Akarudi nyumbani na karatasi na vidonge vya kutuliza homa, vilevile unavyomeza ukiumwa kichwa. Usiku tulikuwa tunamsikia. Ukuta wa nyumba za kupanga mnaujua. Alikuwa anasema, "Niko nasikia moto ndani ya mifupa," na watu wazima wa ua mzima tulikuwa tunajifanya tumelala, maana ukiamka utafanya nini?

Baadaye sana, kupitia mhudumu wa afya wa mtaa, abajyanama b'ubuzima tunaowaona kila siku na kuwapita, akapata kuonana na muuguzi aliyefundishwa kazi hii. Akaandikiwa morfini. Unadhani mambo yalikwisha hapo? Chupa ilikaa juu ya kabati siku tisa. Shemeji alisema hiyo ni dawa ya watu wanaokufa, akinywa atakuwa amekubali kufa. Mwingine akasema itamfanya awe kama wale vijana wa kunusa gundi. Mchungaji hakukataza, lakini aliuliza "kwani imani imeisha?" na swali la namna hiyo kwa mgonjwa ni amri. Ilibidi muuguzi arudi mwenyewe, akae kwenye kigoda, aeleze upya.

Alichoeleza nakiandika hapa kwa sababu kila nyumba yetu inatakiwa kukijua. Morfini haiui kwa kunywewa kama ilivyoandikwa. Anayeitumia kwa maumivu ya saratani chini ya uangalizi ni nadra awe mlevi wa dawa. Mwili unaizoea, ndiyo, hivyo haiachwi ghafla, inapunguzwa taratibu. Inanywewa kwa saa, kawaida kila baada ya saa nne, siyo kusubiri mpaka mtu aanze kupiga kelele, kwa sababu maumivu yakishapanda kuyashusha ni kazi mara mbili. Siku za kwanza mgonjwa atasinzia na pengine kusikia kichefuchefu, kwa kawaida hiyo inapita. Choo kigumu hakipiti, kwa hiyo anatakiwa kupewa na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, na asiyepewa aulize. Kipimo hakiongezwi na shemeji wala na jirani, kinaongezwa na muuguzi au daktari, na chupa inakaa mbali na watoto. Ni hayo tu. Ukiyaweka kwenye sauti ya WhatsApp kwa Kiswahili, Kifuliru na Kibembe, hayafiki dakika tatu.

Jirani alianza kunywa. Siku ya tatu alilala usiku mzima, na asubuhi binti yake akatuamsha kwa hofu, akidhani mama amefariki. Alikuwa amelala tu. Wiki ile alitoka nje akakaa kwenye mkeka, akaomba aletewe sombe achambue. Akagombana na mtu juu ya chumvi. Akamwita dada yake kutoka Nyamata wakazungumza mchana kutwa juu ya watoto, nani aende wapi, na wakaenda kuuliza ofisini jinsi ya kuwaandikisha. Alifariki wiki kadhaa baadaye. Dawa haikumwongezea maisha na hakuna aliyemdanganya kwamba itamwongezea. Mimi nasema tu kwamba zile wiki alizikaa kama mtu mwenye nyumba yake, akapanga ya nyumba yake.

Kuna jambo lingine ambalo kwa heshima watu hawalisemi, nami nitalisema. Harufu. Saratani ya titi au ya mlango wa kizazi ikipasuka inatoa harufu, na kwenye chumba kimoja cha kulala watu sita, harufu inafukuza wageni, inafukuza hata watoto kutoka kwa mama yao. Mgonjwa anajua. Ataomba msije. Hili nalo lina dawa, na siyo ya ajabu: wauguzi wa tiba shufaa hutumia vidonge vya metronidazole vilivyosagwa, vilevile vya kuhara tunavyovijua kwa jina la Flagyl, juu ya kidonda kilichosafishwa vizuri. Usijaribu peke yako bila muuguzi kukuonyesha. Lakini ujue kwamba kipo, ukiulize. Naamini wanawake wengi wamekufa wametengwa kwa kukosa kitu ambacho kila duka la dawa kinacho.

Na mionzi vilevile. Tunadhani Kanombe ni mahali pa kwenda kuponywa, asiyeponyeka asisumbue mashine. Siyo hivyo. Kwa mtu ambaye saratani imeingia kwenye mfupa, mara nyingi mionzi ya siku moja tu inaweza kupunguza maumivu ya pale mfupani. Siku moja. Sasa ukiwa mwanakamati, ombi la wiki nyingi za matibabu ya kuponya na ombi la siku moja ya kutuliza mfupa si ombi moja. Lakini kama fomu yako ina visanduku viwili tu, anaponyeka au haponyeki, huyu wa siku moja ataanguka kwenye kisanduku cha pili na hakuna atakayemwona tena. Ndugu zangu wa mashirika, hapa naomba mnisikilize kama hamtanisikiliza pengine popote. Ongezeni kisanduku cha tatu.

Najua jibu. Bajeti. Mwaka 2025 misaada imekatwa vibaya, sote tumeona, watu waliokuwa wanapokea wameacha kupokea. Nakubali. Lakini ninachokiomba ndicho cha bei ndogo kuliko vyote kwenye orodha ya saratani. Dawa yenyewe serikali inabeba. Kinachobaki ni nauli ya kwenda kuichukua, mtu wa kumtembelea mgonjwa, na mtu wa kutafsiri. Msipofanya hivyo gharama haipotei, inahama tu: familia inakimbia na mgonjwa hospitali saa nane usiku, inalipa pikipiki au teksi kwa mkopo, inarudishwa nyumbani asubuhi na paracetamol ileile, na wiki ijayo inakimbia tena.

Nimesema kutafsiri, na hapa sasa nageukia sisi wenyewe. Wengi wetu tuliotoka Kongo tunaongea Kinyarwanda tangu kwetu, ni kweli, na Warundi wanaelewana na daktari bila shida kubwa. Lakini wa Uvira, Fizi, Bukavu, wale waliokuja wakubwa na Kiswahili chao, hawaelewani na daktari anayechanganya Kinyarwanda na Kiingereza. Kiswahili ni lugha rasmi hapa tangu 2017, lakini kwenye mlango wa daktari hiyo sheria hainisaidii kama daktari hakijui. Kinachofanyika ni kumtanguliza mtoto. Mtoto anasoma shule hapa, anajua lugha zote, basi anakuwa mkalimani wa familia kuanzia benki mpaka hospitali.

Binti wa jirani alikuwa na miaka kumi na minne alipoingia na mama yake kwenye chumba cha daktari. Hospitali gani haina maana, ingekuwa yoyote. Daktari alieleza kwamba ugonjwa umefika kwenye mifupa na hautapona. Binti akageuka akamwambia mama, "Anasema unywe dawa vizuri." Akaishi na hilo neno peke yake miezi minne. Aliniambia mwenyewe baada ya msiba, kwamba kila mama alipopanga mambo ya mwaka ujao yeye alikuwa anatoka nje kwenda chooni. Na kwa sababu mama hakujua, hakuuliza maswali ambayo angeuliza, na daktari aliamini amekubali. Nani wa kulaumiwa pale? Si yule mtoto. Mtu mzima mwenye Kiswahili na muda wa saa mbili angetosha.

Kuna na hili la ndege, nalitaja haraka kwa sababu litaniletea matusi. Katika nyumba zetu kuna imani kwamba kesi ya kitabibu inafungua mlango wa kwenda Marekani au Kanada. Kweli kundi la mahitaji ya kitabibu lipo kwenye uhamisho wa UNHCR, lakini nafasi ni chache, na tangu Januari 2025 Marekani imesimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Nimeona familia zinazosubiri simu huku mgonjwa hapewi kitu cha maumivu, kana kwamba akionekana ametulia kesi itapungua nguvu. Pia nimeona michango ya kumpeleka mtu India, milioni zimekusanywa kwenye vikundi vya simu, na mgonjwa ambaye madaktari wawili walishasema haponyeki anatumia wiki zake za mwisho kwenye foleni za viza. Sikatazi mtu kutumaini. Ila nauliza, mchango wa India tunakusanya kwa siku nne, kwa nini mchango wa godoro na nauli ya kufuata morfini hatujawahi kuufungua? Kusubiri na kutulizwa vinaweza kwenda pamoja. Dk. Christian Ntizimira, Mnyarwanda ambaye ameitetea tiba shufaa kwa miaka mingi, amekuwa akisisitiza kwamba huduma hii lazima ijengwe juu ya utu wetu wa hapa, wa familia na majirani, siyo kuigwa tu kutoka Ulaya. Ua wetu ulikuwa na majirani ishirini. Tulikosa mtu mmoja wa kutuambia la kufanya.

Kwa hiyo ninachopendekeza kwa kikundi chetu ni kidogo. Tuwe na orodha ya wakalimani wa hospitali, wenye umri wa kuanzia miaka ishirini, wanaojua kunyamaza. Hiyo ya kunyamaza ndiyo ya kwanza, maana anayetoka kwa daktari akaenda kusimulia kanisani ametuharibia wote. Tuombe wauguzi wa tiba shufaa watufundishe siku mbili, maneno ya kutumia na maneno ya kutotumia, na nini cha kufanya mgonjwa akikuuliza wewe swali ambalo alitakiwa kumuuliza daktari. Tuwajue abajyanama wa mitaa yetu kwa majina na namba. Turekodi zile sauti za dakika tatu. Kwa mashirika ombi ni la kisanduku cha tatu, na nauli ya kila mwezi kwa atakayekwenda kuchukua dawa, maana mgonjwa mwenyewe hawezi kupanda basi.

Kwa wachungaji na mashehe wetu nina ombi moja tu: mkienda kumwombea mgonjwa, mwulizeni kama amekunywa dawa ya saa hiyo. Akisema bado, mpeni kwanza, ndipo mwombe.

Daftari la wakalimani nimeshalifungua, lina majina saba. Kiswahili, Kinyamulenge, Mashi na Kifuliru wapo, na kaka mmoja wa Kilingala amesema anakuja. Kibembe sijapata mtu mzima hata mmoja, na kuna mzee Kimisagara ana miadi Jumanne asubuhi na anayempeleka mpaka sasa ni mjukuu wake wa darasa la sita. Kama unaongea Kibembe na Jumanne una nafasi, niandikie leo.